Vifaa vya Kujitengenezea na vya Kununua katika Ukarabati wa Baiskeli Nyumbani: Suala la Kotapini

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wakufunzi wa ufundi, Shinyanga



1.0 Maana ya maneno

Barua ya mwaliko inanitaka nianze na fasili. Kifaa cha kununua ni kile kilichotoka dukani. Cha kujitengenezea ni kile ambacho mwenye baiskeli amekiunda kwa chuma chakavu, bati au mti. Ukarabati wa nyumbani ni ule unaofanyika uani, chini ya mwembe. Baiskeli ninayoizungumzia ni Phoenix, Avon, Hero au Raleigh ya babu, yenye gurudumu la inchi 28 na keria ya kubebea gunia. Tuendelee.

2.0 Hali ilivyo

Kazi nyingi za uani hazihitaji duka. Bati lililotobolewa kwa msumari hukwangua tyubu sawa na msasa, na kiraka hukatwa kwenye tyubu kuukuu. Cha kununua ni solusheni tu. Mpini wa kijiko hung'oa tairi vizuri, wakati bisibisi huongeza pancha ya pili juu ya ile ya kwanza. Kunyoosha ringi, pindua baiskeli, funga kipande cha spoku kwenye foku, zungusha gurudumu, usikilize linapogusa.

Lakini spana ya nipo za spoku, spana nyembamba ya koni na ufunguo wa friwili, nunua. Vifaa hivyo hushika pembe ndogo, na pembe ndogo ikishaliwa hairudi. Kanuni ninayofundisha ni kwamba kinachoegemeza, kinachopima na kinachosukuma, jitengenezee. Kinachoshika pembe, nunua. Na si kila cha dukani kinafaa. Ile spana ya bati yenye mashimo mengi hulainisha pembe za nati bila kuifungua, na spana malaya (mniwie radhi, Mwenyekiti, ndilo jina lake) ikilegea hufanya vivyo hivyo.

3.0 Kotapini

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kotapini ni kile kipande kidogo cha chuma kinachoushikilia mkono wa pedeli kwenye ekseli ya kati. Kwa kawaida kina kipenyo cha milimita 9.5, ingawa zipo pia za 9, na ukiichanganya moja na nyingine umejitafutia kazi. Upande mmoja umechongwa mshazari, nao hukaa juu ya bapa lililokatwa kwenye ekseli. Pini hushika kwa kukazwa kama kabari. Nati iliyo mwishoni huizuia isitoke tu. Haina nguvu ya kuivuta ikae. Wengi hudhani nati ndiyo inayokaza, wakaikaza mpaka ikakatika.

Pini ikilegea, pedeli hugonga kila mzunguko: tak, tak. Mwenye baiskeli huendelea kwa wiki mbili kwa sababu bado inakwenda. Kufikia hapo bapa la ekseli limekwisha kulika, na pini mpya nayo haitakaa. Kisha inaletwa nyundo.

Nimeiona nyundo hiyo kwa miaka mingi. Mtu anafungua nati yote, anagonga ncha yenye nyuzi mara ishirini, mapigo mepesi mepesi. Nyuzi zinatanuka kama uyoga, pini inapinda ndani ya tundu, sasa haitoki wala hairudi. Na kila pigo linapita kwenye ekseli hadi kwenye gololi, gololi zinachimba vikombe, na baiskeli iliyokuja kwa ajili ya pini inaondoka ikiwa na tatizo la vikombe pia. Kikombe cha kulia, kumbukeni, kwa kawaida kina nyuzi za kinyume. Anayekifungua kwa kawaida ya mkono anakikaza.

Kifaa kinachotakiwa ni kibano cha kusukuma pini, nacho sijawahi kukiona kikiuzwa katika duka lolote la vipuri mjini hapa. Nilitengeneza cha kwanza kwa bamba la milimita 6. Kilifunguka mdomo kama mamba kabla pini haijasogea. Cha pili, cha bamba la milimita 16 lililokatwa umbo la herufi C na bolti nene ya lori, bado kinafanya kazi. Upande mmoja kuna kipande kifupi cha bomba cha kupokea kichwa cha pini. Upande wa pili bolti inasukuma ncha, nati ikiwa imefunguliwa hadi kulingana na ncha ili kulinda nyuzi. Bolti inakazwa, inasikika “paa!” moja, na pini imetoka nzima.

Niliwasilisha mchoro wake katika kikao kimoja cha kupanga vifaa. Ulipokelewa vizuri na kuingizwa kwenye kumbukumbu. Visanduku vya vifaa vilivyonunuliwa baadaye vilikuja na kifaa cha kung'olea mikono ya pedeli ya baiskeli za kisasa, zisizo na kotapini kabisa. Kifaa hicho ni kizuri sana. Kimekaa kwenye kisanduku changu kikiwa bado na mafuta ya kiwandani. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Taratibu za ununuzi zina sababu zake.

4.0 Mapendekezo

4.1 Kibano cha kotapini kiingizwe kwenye orodha ya vifaa vya kila darasa la ufundi wa baiskeli.

4.2 Kitengenezwe na wanafunzi wenyewe, kwa bamba lisilopungua milimita 16.

4.3 Spana za nipo, za koni na funguo za friwili zinunuliwe. Zisitengenezwe.

4.4 Orodha ya ununuzi iandaliwe baada ya mtu kwenda kuangalia baiskeli zinazoegeshwa sokoni.

4.5 Asiye na kibano aegemeze mkono wa pedeli juu ya bomba lililosimama ardhini, atie mafuta usiku mmoja, kisha apige pigo moja zito kwa nyundo nzito. Si ishirini mepesi.

4.6 Pini mpya ijaribiwe kwanza, ichongwe kwa tupa mpaka bapa likae sawasawa, na ikazwe tena baada ya safari ya kwanza.

4.7 Wanafunzi waelezwe kwamba nati haivuti pini.

4.8 Kibano cha kotapini, kama ilivyo 4.1, kiingizwe kwenye orodha.

4.9 Semina ijayo itenge saa mbili za vitendo badala ya dakika ishirini nilizopewa. Kibano nimekuja nacho. Kiko mlangoni, karibu na baiskeli ya mlinzi, ambayo pedeli yake ya kushoto inagonga tangu asubuhi.