Mtoto wa Kibarua wa Kinoru

Nimeombwa nizungumzie umaskini wa watoto kule nyumbani Kenya, nami nitaanza na kazi za wazazi wao.

Pale mtaani Kinoru kuna akina mama wa kufua. Asubuhi mama anabisha geti moja baada ya jingine akiulizia nguo. Akipata, mdogo anabaki na dada yake wa gredi ya nne, na siku hiyo shule imemkosa dada. Mvua ikinyesha, hakuna kufua, na jioni sufuria haipandi jikoni. Karo ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2003, lakini serikali haikufuta sare, wala njaa ya saa saba mchana.

Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa familia pesa za kujikimu, ipo, naishukuru. Nyumba zenye yatima zilianza kusaidiwa mwaka 2004, wazee wa miaka 70 na zaidi wakaongezwa 2018, shilingi 2,000 kwa mwezi, japo huchelewa. Najua nyanya wanaolisha wajukuu kwa hela hizo. Ila mtoto huyu wa mama wa kufua si yatima, na nyanya yake ana miaka 58. Hayumo kwenye orodha yoyote. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, lakini yeye ana mageti kumi na hana mwajiri. Hapa Uingereza mzazi mwenye kibali cha kuipokea hulipwa posho ya mtoto hata kama anafanya kazi. Hilo ndilo tuliombe kwa serikali yetu, bila kuchoka.

Sasa tujiangalie sisi. Wengi wetu tunajenga huko kwa simu. Tunamtumia fundi pesa, fundi anatafuta watu wa mkono, nao ni wazazi vilevile, wanalipwa kwa siku miezi sita mfululizo. Sheria hiyohiyo ya Ajira, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi kutimiza mwezi ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Waajiri ni sisi, ndugu zangu! Naomba kila mwenye mjengo Kinoru amuulize fundi wake majina ya watu hao, awaandikie mkataba, na awalipie akiba ya uzeeni ya NSSF na bima ya afya ya SHA. Kwa walio tayari, karatasi ya kujiandikisha iko mezani pale kwa katibu.