Ziwa Likifungwa, Marejesho Yatoke Wapi?



Leo tunawaombea SACCOS zetu ndogo za mwaloni, kuanzia Kibirizi hadi Katonga na Ujiji.

Askari wa Zimamoto akikopa kwenye SACCOS ya wenzake, rejesho hukatwa kwenye mshahara, hata mwezi usio na moto. Mama wa dagaa mshahara wake ni ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Hatupingi, samaki wakiisha, na sisi tumekwisha. Lakini wanachama wote hukwama kwa pamoja, na mfuko mdogo hauna pa kuegemea. Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kila SACCOS iwe na leseni, na leseni haipatikani bila mtaji na hesabu safi.

Ndugu zetu, harambee ya leo ni ya chanja za kuanikia na ghala la kuhifadhia dagaa, ili ziwa likifungwa mama zetu wawe na cha kuuza na cha kurejesha. Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchange.