Gemu za Simu za Kupanda Daraja

Leo tuzungumze juu ya yule kijana unayemwita mara tatu aje ale ugali, naye anajibu, "Ngoja kidogo, mama," macho kwenye simu.

Si kiburi tu. Katika gemu kama Free Fire kuna mashindano ya kupanda daraja: shaba, fedha, dhahabu, hadi almasi na zaidi. Akishinda anaongezewa alama. Akitolewa mapema anapunguziwa. Ni kama AFC Leopards kuogopa kushushwa ligi, ila huyu yuko peke yake, na marafiki wanaliona daraja lake. Halafu msimu ukiisha, anarudishwa chini aanze kupanda tena. Ndiyo maana hakuna siku atakuambia amemaliza.

Kwa hivyo usimpokonye simu katikati. Kubalianeni kabla hajaanza: mchezo mmoja, na saa tatu usiku simu inalala chumbani kwako.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini si kila mpenda gemu ni mgonjwa, hapana. Tazama kama ameshindwa kujizuia, ameacha masomo na usingizi, na anaendelea ijapokuwa anaumia, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Akifika hapo, njoo naye kituo cha afya, na fimbo uiache nyumbani.