Tenga Fedha ya Chanjo ya Mbwa
Msikilizaji wa Mtwara Mjini, Mikindani na Msimbati, mbwa anayelinda nyumba yako ana gharama zake. Ya kwanza kuitengea fedha ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Chakula hakikosekani: ukoko wa ugali, vichwa vya samaki. Chanjo haiji yenyewe. Utasema, mbwa wangu hatoki uani. Lakini mbwa mzururaji huingia usiku akinusa mabaki ya samaki, na akiwa na kichaa, kumng'ata wako mara moja kwatosha kumwambukiza. Utasema, fedha hakuna. Ni kweli, maisha ni magumu. Ila mtu aking'atwa, huchomwa sindano kadhaa kwa siku tofauti, na nauli ya kila safari ni yako. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Kuchanja mbwa kunausimamisha. Kisiwani Pemba wameliona hilo.

Basi fedha ya korosho ikiingia, tenga kwanza ya chanjo. Chanja kila mwaka. Muulize ofisa mifugo wa kata yako bei na siku ya chanjo. Narudia: tenga kwanza ya chanjo. Na mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.