Msiache Chakula Kioze Katika Bwawa la Samaki

Ninyi wenye mabwawa ya samaki, sikilizeni maneno haya. Leo tutasema juu ya mabaki ya chakula na uchafu wa majini.

Mama mwenye akili haachi chungu cha juzi kioze nyumbani. Mabaki huyatoa, na chungu hukiosha. Lakini wengi hawafanyi hivi kwa samaki. Humwaga kikapu kizima cha majani ya mihogo na machicha ya pombe, kisha huenda zao, wakisema: «Samaki watakula polepole.» Baada ya siku chache wakuta samaki wameelea, matumbo juu. Ndipo husema: «Nani ametuloga?» Hapana mtu aliyewaloga. Ni uozo.

Kwa sababu gani? Ndani ya maji mna hewa, na samaki huivuta kwa matamvua yake. Kitu kinachooza nacho hula hewa hiyo. Mchana mimea ya majini huirudisha kwa nguvu ya jua. Usiku hairudishi, samaki, mimea na uozo, wote huvuta katika akiba moja. Kwa hiyo karibu na mapambazuko hewa ni kidogo sana, na samaki wengi hufa saa ile. Siku za mawingu hatari yazidi, maana jua halikufanya kazi yake. Tena uozo na mavi ya samaki hutoa sumu, jina lake amonia.

Mtu atauliza: «Mbona tulifundishwa kutia mavi ya mbuzi ili maji yawe ya kijani? Sasa mwatukataza?» Hatukatazi. Mbolea kidogo huotesha vijimea ambavyo samaki hula. Mbolea nyingi huua. Iwekeni pembeni, ndani ya uzio wa fito, msiitawanye katika bwawa zima.

Sasa shikeni kazi hizi:

1. Fungeni matete manne yawe mraba wa metre moja, yaelee, yafungwe kwa kigingi. Majani yatupwe ndani ya mraba huo tu. Machicha na pumba huzama. Yawekeni juu ya ungo mkuukuu ulioshushwa kwa kamba. Hivi mabaki yataonekana.

2. Lisheni asubuhi, jua likiisha panda, wala si jioni. Tupeni machicha na pumba kidogo kidogo. Baada ya robo saa, kama samaki hawaji tena, basi, inatosha.

3. Kabla ya kulisha tena, inueni ungo. Ikiwa mabaki yapo, yatoeni na mpunguze chakula. Ikiwa hakuna, ongezeni kidogo. Tilapia hula majani laini na kuacha vikonyo. Vikonyo hivyo vitoeni kwa kikapu kila siku mbili.

4. Mkiona alfajiri samaki wako juu ya maji, wakifungua vinywa, au maji yananuka, msilishe. Fungueni mfereji, maji mapya yaingie. Toeni uozo polepole, msikoroge tope, kwa maana tope likikorogwa hula hewa iliyobaki.

5. Wakati wa kukausha bwawa na kuvua, toeni tope jeusi la chini. Msilitupe. Lipelekeni katika migomba na mboga, ni mbolea njema.

Kufuga Tilapia si jambo geni katika Katanga. Mwaka 1949 wataalamu wa Wabelgiji na wa Waingereza walikutana Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, kusemezana juu ya kazi hii. Lakini elimu yao haitoi kikonyo kimoja katika bwawa lako. Mkono wako ndio utakaokitoa.

Ulichimba bwawa kwa jembe, ukabeba udongo kichwani, ukangoja miezi watoto wako wapate kitoweo. Usiku mmoja waweza kuvimaliza vyote. Basi kesho asubuhi, kabla ya kushika kikapu cha chakula, tazama kwanza ungo wako.