Majilio Katika Kanisa Dogo
Neno la kwaya kwa washirika, siku ya Jubilii ya miaka 50

 



Tumepewa dakika chache, na harufu ya pilau inatuambia tusizizidishe. Historia ya nani alikuwa mwenyekiti na nani alishona sare za kwanza mtaisoma kwingine katika kijitabu hiki. Sisi tumeomba tuzungumze juu ya wiki nne tu za kila mwaka, zile zinazoanza Jumapili ijayo. Mtu akitaka kuijua kwaya yetu, asitupime kwa Krismasi wala kwa Pasaka, maana siku hizo hata asiyejua kuimba huimba. Atupime kwa Majilio.

Majilio ni kuja. Ni majuma ya kungoja ajaye. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, kwa hivyo Jumapili ya kwanza haiji kabla ya 27 Novemba wala haipiti 3 Desemba. Nguo ya meza hugeuka zambarau. Masomo ni ya nabii Isaya, ya Yohana aliyekuwa akipiga kelele jangwani, na ya Mariamu aliyekubali. Ndugu zetu wa Marekani, Scotland na Sudan Kusini, ambao kanisa lao huitwa la Kiepiskopali, huyashika majuma haya kama sisi tunaoitwa Waanglikana, kwa kuwa ni ushirika mmoja. Na wengi wao, kama sisi, huyashika katika makanisa madogo.

Nasi twajua udogo ni nini. Kasisi wetu ni mmoja na makanisa yake ni matano. Jumapili za Majilio ni nne. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili ataiona haigawiki. Kuna mwaka alifika kwetu Jumapili moja tu kati ya zile nne, tukapokea Meza ya Bwana siku hiyo, na siku nyingine mwinjilisti akaongoza Sala ya Asubuhi. Siku kama hizo kwaya si pambo la ibada. Kwaya ikinyamaza, ibada nayo huyumba.

Na ni wakati huohuo ambapo kwaya yetu huwa na watu wachache zaidi. Nyote mwajua sababu. Desemba ni msimu. Hoteli zikijaa, vibarua hupatikana, na mwanakwaya aliyekaa tangu Mei bila kazi hawezi kumwambia msimamizi wake kwamba ana mazoezi ya sauti ya tatu. Wenzetu wa bara nao wanatafuta gari mapema kabla nauli haijapanda. Shule zimefungwa, watoto wametawanyika kwa nyanya zao. Kwaya ya watu ishirini na wanne hubaki kumi, mara nyingine wanane, na besi mmoja anayekohoa.

Hivyo tumejifunza kufanya kwa tulicho nacho. Taji letu la Majilio ni la matawi ya mvinje, na mishumaa husimama ndani ya vifuu vilivyojazwa mchanga. Mshumaa wa zambarau haupatikani dukani kwetu, basi tunanunua mweupe na kuuvika karatasi ya rangi. Joto la kaskazi likianza, mishumaa huinama kabla haijawashwa, na kila mwaka kuna mtoto anayepewa kazi ya kuinyoosha. Wapo wageni waliocheka. Lakini taji la Majilio lenyewe lilianza namna hii. Mwaka 1839, huko Hamburg nchini Ujerumani, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini. Watoto wale walimwuliza kila siku kama Krismasi imefika. Alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa juu yake, wawe wakiwasha mmoja kila siku na kuhesabu wenyewe. Lilikuwa gurudumu kuukuu na watoto wasiokuwa na kitu. Mvinje wetu hauna haja ya kuona haya.

Hata ile ibada ya masomo tisa na nyimbo, ambayo sisi huifanya jioni ya Jumapili ya nne, haikuzaliwa katika kanisa kubwa la mawe. Askofu Edward White Benson aliipanga Truro, Uingereza, mkesha wa Krismasi wa 1880, katika jengo la mbao lililotumiwa kwa muda wakati kanisa kuu likijengwa. Msomaji wa kwanza alikuwa mtoto wa kwaya, wakapanda ngazi kwa ngazi mpaka wa mwisho akawa askofu. Nao wimbo wa mji mdogo wa Bethlehemu, ambao kila kwaya Kenya imeuimba, uliandikwa mwaka 1868 na kasisi wa Kiepiskopali wa Philadelphia, Phillips Brooks, kwa ajili ya watoto wa shule yake ya Jumapili. Mpiga kinanda wake, Lewis Redner, ndiye aliyeutafutia sauti.

Sasa wapendwa, tumefika pale ambapo tungeweza kunyamaza. Lakini hii ni jubilii, na jubilii katika Maandiko ni mwaka wa kuachilia. Sisi tuna deni kwenu. Waliokuwapo wanalijua, ila hatujawahi kulisema mbele ya kanisa zima.

Miaka kadhaa iliyopita, bati za upande wa kaskazini zilikuwa zimeoza. Vuli ikinyesha, tulikuwa tukisogeza viti wakati wa mahubiri. Mwezi wa Novemba tukapata mwaliko wa hoteli moja: tuimbe nyimbo za Krismasi jioni tatu, tulipwe shilingi 30,000. Jioni ya tatu ilikuwa Jumapili ya nne ya Majilio, saa ileile ya masomo yetu tisa.

Tulikaa chini ya mwembe tukabishana mpaka mbu wakatufukuza. Wengine walisema, Mungu ndiye aliyeleta pesa hizi, paa ni lake. Wengine wakasema, paa ni lake na jioni pia ni yake. Yalisemwa maneno ambayo hayafai kuandikwa katika kijitabu cha kanisa. Watu watatu waliiacha kwaya wiki ile. Wawili walirudi baadaye. Mmoja hakurudi, na kama yuko hapa leo, au akisikia haya kwa mtu mwingine, tunamwambia: ndugu yetu, utuwie radhi. Kiti chako bado kipo.

Mwishowe waliobaki tuligawanyika. Kumi na wanne tulikwenda hotelini, saba tulibaki. Mnaona tunasema "tulikwenda" na "tulibaki", maana sote ni kwaya moja na hatutaki leo kujificha nyuma ya "wao".

Hotelini tuliimba vizuri. Hatuwezi kudanganya. Tulivaa kofia nyekundu tulizopewa, tukasimama kando ya bwawa, wageni wakala huku tukiimba, wakapiga makofi. Walitutendea wema, wakatupa chakula kizuri, wakalipa siku ileile. Hakuna aliyetukosea.

Hapa kanisani stima ilipotea katika somo la pili. Waliobaki waliwasha chemli. Msichana wa darasa la nne alisoma somo lake akiwa amekisogeza kitabu karibu na utambi, na mwinjilisti akasoma masomo manne peke yake kwa kukosa wasomaji. Ulipofika wimbo wa Imanueli, sauti ya pili haikuwa na mtu. Ndipo nyanya yetu mmoja, mmoja wa wale walioianzisha kwaya hii, ambaye miguu ilikuwa imemstaafisha zamani, aliuinua mkongojo wake, akasimama, akaimba sauti ya pili yote bila kitabu.

Ibada ilipokwisha aliuliza, "Wengine wako wapi?" Akajibiwa, "Wako kazini, nyanya." Akasema, "Basi tuwangoje."

Walidhani anatania. Hakuwa akitania. Aliketi barazani na ile chemli. Tuliotoka hotelini tulishuka barabarani yapata saa nne usiku, tukaiona taa kwa mbali tukaogopa, tukidhani kuna msiba. Tukamkuta yeye na wale saba. Hakutugombeza. Aliuliza, "Mmekula?" Tulikuwa tumeshiba. Hakuna aliyeweza kumjibu. Kisha akasema, "Haya, niimbieni ule wa Imanueli, nikalale." Tuliuimba gizani, sote ishirini na mmoja, sauti zimekauka. Kama tumewahi kuimba vizuri katika miaka hii 50, basi ilikuwa usiku ule, na hakukuwa na wa kupiga makofi.

Nyanya yule hakuyafikia Majilio yaliyofuata. Zile pesa zilinunua mabati 22 na misumari, nayo ndiyo haya yaliyo juu yenu. Mvua ikinyesha hatulowi. Kwa hivyo hatuwezi kusimama hapa tukasema tulifanya vibaya tu, wala hatuwezi kusema tulifanya vyema. Tunachojua ni kwamba mtu alitungoja, na Majilio ni kungojana.

Baadaye tulikuja kujua kwamba aliyeutia wimbo ule wa Imanueli katika Kiingereza, mwaka 1851, alikuwa kasisi John Mason Neale, msimamizi wa nyumba ya wazee maskini katika mji wa East Grinstead. Asili yake ni maombi saba ya Kilatini ya siku za mwisho kabla ya Krismasi, kuanzia 17 hadi 23 Desemba, kila siku ombi lake, na ombi la mwisho ndilo la Imanueli. Tuliposikia habari hiyo, sote tulimkumbuka mzee wetu na ile chemli.

Tangu mwaka ule tuna kanuni, nayo haijaandikwa popote. Jioni za Jumapili za Majilio ni za kanisa hili. Tukialikwa kwingine siku nyingine, tunakwenda na tunashukuru. Mazoezi ya Desemba tumeyahamishia saa kumi na mbili asubuhi, ili anayetoka zamu ya usiku apite kabla ya kulala, na anayekwenda zamu ya mchana apite kabla ya kazi. Asiyeweza kufika kabisa hatumsemi. Tunamtumia sol-fa yake kwa simu, naye huimba akitandika vitanda. Na kila baada ya masomo tisa, tunakwenda nyumbani kwa mgonjwa mmoja au mzee mmoja asiyeweza kutoka, tunamwimbia ule wimbo mmoja, tunaondoka.

Wapendwa, kule Kengeleni, Mombasa, bado iko kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Ilipigwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakaribia. Kila tunapopita pale kwa matatu tunafikiri kwamba lazima kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa macho wengine wakilala. Kwaya katika kanisa dogo ni kitu kama hicho. Haihitaji watu wengi. Inahitaji walio macho.

Tunaomba mambo matatu kwa jubilii hii, na si pesa, ingawa mweka hazina anatutazama.

La kwanza, wazazi, tupeni watoto. Somo la kwanza linamhitaji mtoto, na sauti ya kwanza inazeeka. La pili, nyinyi wenye vibarua na wenye maduka, mkiwa na mwanakwaya chini yenu, mpeni jioni moja tu, ile ya Jumapili ya nne. Tutawarudishia kwa sala. La tatu, Jumapili ijayo msije kutusikiliza. Njooni mwimbe. Taji liko tayari, mvinje umekatwa, na mshumaa wa kwanza tumeuficha kivulini usiiname.

Kasisi wetu Jumapili hiyo atakuwa kanisa lingine kati ya yale matano. Sisi tutakuwepo.

Mungu awabariki, na awape pumziko wenzetu wote walioimba hapa kabla yetu. Amina.