Mali ya Mpangaji Siku ya Kuhama Duka



Katika magomvi tuletewayo, zito kupita yote ni hili: muda wa kupanga duka umekwisha, mwenye nyumba atia kufuli, na cherehani na rafu za mpangaji zimo ndani. Huyu adai kodi. Yule adai chombo cha riziki yake. Sheria ya mwaka 1965 yamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji inayemlinda ilani ya maandishi isiyopungua miezi 2, na iliunda baraza la kuamua. Basi mtu asijifanye hakimu. Twawasihi, siku ya kuingia andikeni vitu vyote, hata rafu zilizopigiliwa ukutani ni za nani, mkatie sahihi mbele ya shahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari.